Kadi ya Nyuso Sita

Mtafiti aliuliza kama mama, alipokuwa na mimba, aliwahi kuanguka.

Mama alifikiri. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye moyo mbovu na miguu inayovimba kila jioni. Swali hilo alikwisha kuulizwa na mama mkwe wake, na mawifi zake wote, na mwanamume aliyeondoka nyumbani kwa sababu hakulipenda jibu. Tofauti ni kwamba hao hawakuja na kishikwambi.

"Sikuanguka, mwanangu. Labda niliteleza. Nani asiyeteleza?"

"Niandike ndiyo au hapana?"

"Andika niliteleza."

"Hakuna kuteleza hapa, mama. Ni ndiyo au hapana."

Kwenye kiti cha tatu, hatua mbili kutoka kwao, alikaa mtu aliyekuwa anazungumzwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alikuwa na usonji, na alikuwa na kazi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ametunza majalada ya wagonjwa kwenye hospitali ya mtaa, na ndiyo maana kila mtu alimwita Masjala, hata mama yake akijisahau. Mtafiti alimsalimia alipoingia na angemuaga wakati wa kutoka. Kati ya salamu hizo mbili aliitwa "yeye".

"Je, yeye analala vizuri?"

Mama akamgeukia bintiye. "Unalala vizuri?"

"Silali vizuri," alisema Masjala. "Nalala saa nne. Zikizidi sana ni tano."

Mama akamgeukia mtafiti. "Hapana, halali vizuri."

Mtafiti akaandika. Wala hakuona kichekesho. Alikuwa kijana mpole, mwenye shikamoo ya kweli na viatu vilivyopigwa rangi, na fomu yake ilisema majibu hutolewa na mzazi. Walipofika mwisho wa ukurasa, Masjala alitoa mfukoni kipande cha karatasi ngumu ya kaki, ile wanayotengenezea majalada.

"Na mimi nina maswali," alisema.

"Uliza tu, dada."

"Mkishajua kwamba mama aliteleza, mtafanya nini? Mtamrudisha akapite pakavu?"

Mama aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Hilo halimo kwenye karatasi," aliendelea Masjala kwa sauti yake ile ile, sauti ambayo haikupanda wala kushuka, awe anatania au anazika mtu. "Yaliyomo ni haya. Kazini nina majalada elfu kumi na tisa. Nimetafuta yenye neno usonji. Wote ni watoto. Sisi wakubwa tuko wapi? Hatukupona. Nataka mchunguze tukizeeka tunakuwaje. Pili, kwa nini nikitoka kazini maneno yananikauka, nikawa naweza kuyaandika lakini siwezi kuyasema. Tena kuna kengele ya pale ukumbini, ya kuita wagonjwa. Inanichoma kichwa siku nzima. Kuna njia ya kuita watu bila kengele? Halafu mama akifa."

"Usinizike na niko hai," alisema mama.

"Moyo wako ni mbovu, daktari alisema. Mama akifa, watu kama mimi wanaishi na nani? Wanaishi vizuri au wanaishi tu?" Aliigeuza karatasi. "La mwisho ndilo kubwa. Nikiumwa, uso wangu haubadiliki. Nasema naumwa, watu wanatazama uso, hawasikii maneno. Mtu kama mimi akiumwa, anajulikanaje? Nataka mchunguze hilo kabla ya mengine yote."

Mtafiti aliipokea karatasi, akaisoma yote, tena kwa heshima. "Maswali mazuri sana, dada. Nasema kweli, mazuri. Ila hayamo kwenye mradi. Sisi tunatafuta chanzo."

"Chanzo cha nini?"

"Cha hali yako."

"Mimi chanzo changu ni huyu," alisema Masjala, akamwonyesha mama yake kwa kidole. "Mmeshampata."

Mtafiti alicheka, akamrudishia karatasi yake. "Kaa nayo wewe, isije ikapotea kwangu." Masjala aliikunja. Mahali anapofanya kazi, karatasi ikipokewa hupewa namba, na ikirudishwa bila namba ni sawa na kwamba haikuletwa. Hakumlaumu. Alijua tu imekwenda vipi.

Mama alimsindikiza mgeni mpaka nje ili amuulize lile lililokuwa likimkosesha yeye usingizi. "Mwanangu, ile barua ya kituo. Uliniambia kuna kituo wanawapokea watu kama yeye."

"Tukimaliza ziara ya tatu, mama, naweza kukuandikia. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Tafadhali usikose. Ziara ya tatu ikikosekana, fomu nzima inatupwa."

"Sitakosa," alisema mama.

Na hakukosa.

* * *

Alhamisi mama aliamka akakuta viatu vimepangwa.

Vilikuwa jozi sita kando ya mlango, ndala zake na za bintiye, viatu vya kazini, mabuti ya mvua, vyote vimeelekea ukutani, kikubwa kwanza kidogo mwisho, na kati ya jozi na jozi nafasi ya kidole kimoja. Mama alisimama akavitazama. Aliijua lugha hiyo. Bintiye alipokuwa na miaka sita alivunjika mkono, akatembea nao siku mbili hakuna aliyejua, na siku zote mbili alishinda mlangoni anapanga viatu. Tangu hapo lugha hiyo haikumdanganya mama hata mara moja, si kwa jino, si kwa sikio, si kwa zile siku za mwezi zilizokuwa zikimlaza chini.

"Wapi?" aliuliza.

Masjala alikuwa mezani mbele ya chai ambayo hakuinywa. "Tumbo. Jana lilikuwa kitovuni. Leo limehamia kulia, chini."

"Sana?"

"Sana. Nimetapika."

"Vaa twende."

Mama akachukua mtandio wake, na alipougeuza mgongo kuuvaa macho yakaangukia saa ya ukutani. Saa mbili kasorobo. Alisimama na mtandio mkononi. Alimwona bintiye peke yake ndani ya nyumba hii, miaka mitano ijayo, au miwili, moyo wake huu ukikataa kazi. Akawaona mawifi wakija kugawana vyumba. Na akaiona ile barua ya kituo, yenye muhuri.

"Sikiliza," alisema. "Wewe unafanya kazi pale pale. Wanakujua wote. Nenda moja kwa moja kwa sista, umwambie. Mimi nikimaliza na huyu mtu nakuja mbio."

"Watatazama uso."

"Basi wewe waambie kwa maneno. Sema hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

"Nitasema," alisema Masjala. Alichukua viatu vyake vya kazini kutoka kwenye mstari, kisha akasogeza vilivyobaki ili kuziba pengo.

* * *

Hospitali ilikuwa imeleta utaratibu mpya. Mezani kwa sista wa mapokezi palikuwa na kadi ngumu ya plastiki yenye nyuso sita, ya kwanza inacheka, ya sita inabubujikwa na machozi. Ilikusudiwa kuwasaidia wasioweza kueleza maumivu yao. Masjala aliweza kuyaeleza, na aliyaeleza, neno kwa neno kama alivyomwambia mama yake.

"Pole mwaya," alisema sista, ambaye alimpenda kwa dhati kwa sababu hakuna mtu aliyempa majalada haraka kama yeye. "Hebu chagua uso unaofanana na wako."

"Unaofanana na wangu?"

"Wako, wa nani tena?"

Masjala aliona ni swali la haki. Alikwenda mpaka kwenye kioo cha dirisha la dawa, akajitazama. Alijitazama vizuri, mdomo, macho, nyusi, kama anavyohakikisha jina kabla ya kutoa jalada. Akarudi, akaikagua kadi uso kwa uso. Wa tatu ulikuwa umekunja nyusi na wa nne umepinda mdomo, na wake haukuwa na lolote kati ya hayo. Akaweka kidole kwenye wa pili, ambao mdomo wake ulinyooka.

"Huu."

"Wa pili. Basi ni kidogo," alisema sista, akaandika.

"Si kidogo. Naumwa sana. Uso ndio wa pili."

Sista aliinua macho, akautazama ule uso. Nyuma ya Masjala kulikuwa na mwanamke aliyejishika kiuno huku akiita jina la marehemu mama yake, na kijana aliyefungwa kanga kichwani, imelowa damu. "Wewe kutia chumvi hujui, ndiyo maana nakupenda," alisema sista. "Kaa pale dada yangu, niwatoe hawa kwanza."

Alikaa. Kengele ililia, akaingia mtu, ikalia tena. Baada ya saa nzima alisimama, akaja mezani na kuanza kunyoosha fomu za sista, kubwa chini ndogo juu, kingo kwa kingo. Kisha kalamu. Kisha vile vibao vya namba.

"Mwoneni huyu," sista aliwaambia waliokuwa kwenye benchi. "Hata akiumwa hakai bila kazi." Watu wakacheka, na mmoja akasema wote wangekuwa hivyo nchi ingekuwa mbali.

Tabibu alimwona saa sita. Alikuwa na foleni ndefu na njaa. Alimbonyeza tumbo, akaachia, akasubiri aruke. Hakuruka.

"Umeniumiza," alisema Masjala, kwa sauti ambayo mtu angetumia kusema jalada lako liko rafu ya nne.

"Pole," alisema tabibu akitabasamu. Akasoma alichoandika sista, akaandika na yeye, akampa vidonge vya asidi. "Likizidi urudi."

"Limeshazidi. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi meza hivi kwanza."

Kanuni ilikuwa kwamba mgonjwa hashiki jalada lake, ila mtunza majalada hushika yote. Masjala alilibeba lake mwenyewe hadi chumba cha majalada, akalisoma akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulikwisha kumshinda. *Amechagua uso wa pili. Mgonjwa ni mtulivu. Hana maumivu makali.* Kalamu ilikuwa pale pale mezani, imefungwa kwa uzi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuongeza hata nukta kwenye jalada la mtu, kwa kuwa aliyeruhusiwa kuandika ni tabibu. Alilirudisha jalada mahali pake sahihi, kisha akalala sakafuni kati ya rafu ya nane na ya tisa, kulikokuwa na ubaridi.

* * *

Mtafiti alikuja saa nne, akaomba radhi kwa ajili ya magari. Alipoingia mguu wake uligonga ile safu, kiatu kimoja kikapinduka. "Samahani. Nyumba yenu ina mpangilio, mama. Napenda."

Mama alikiinua kiatu, akakirudisha mstarini. "Tufanye haraka, mwanangu. Mwenzio anaumwa."

"Pole sana. Huwa anaumwa mara kwa mara? Au ngoja, hilo liko ukurasa wa kumi na nne, tutafika."

Walifika saa sita. Kabla ya hapo walipitia maji aliyokunywa mama akiwa mjamzito, dawa alizopewa, mafuta ya cherehani aliyoyavuta puani, na kama yeye na mumewe walikuwa na undugu wa damu. Aliulizwa mara mbili kama alipigwa. Alijibu hapana mara ya kwanza na ndiyo mara ya pili, na mtafiti alilazimika kurudi nyuma kusahihisha. Mama alitazama ukuta. Kumbe mtu anaweza kuvuliwa nguo kwa adabu, na kuitwa mama katika kila swali.

Saa saba alisema, "Hiyo barua."

Mtafiti alikohoa. "Niliwapigia kituo, mama. Wanapokea mwisho miaka kumi na miwili."

"Huyu ana thelathini na minne. Ulijua siku ya kwanza. Uliandika kwa mkono wako."

"Nilitumaini labda utaratibu ungebadilika. Nisamehe." Alikuwa anafunga begi lake, naye aliona haya kweli. "Kuna kitu kimoja kimebaki, mate yake, kwa ajili ya maabara. Nitarudi kuyachukua baada ya wiki chache."

Mama hakumsindikiza. Alikuwa anatafuta mtandio wake, na mtandio ulikuwa begani mwake tangu saa mbili.

Alipofika hospitali alimkuta sista kwenye korido, mikono kichwani. Mtu alikuwa ametaka jalada, akaita, hakuitikiwa, ndipo wakaingia. Walimkuta Masjala sakafuni, bado anajua jina lake, na siku, na namba ya jalada aliloombwa. Aliwaambia liko wapi. Wakampeleka kupasuliwa, na daktari alipotoka alisema kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu asubuhi na usaha umeenea tumbo zima.

"Angesema mapema," alisema daktari.

"Alisema," alijibu mama.

Daktari alifungua jalada ili amwonyeshe. Mama akasoma ule mstari wa uso wa pili, akaurudia, wala hakuelewa ni uso gani. Sista ndiye aliyekwenda kuileta kadi. Aliishika kifuani, akashindwa kuitoa.

Masjala alifariki Jumamosi adhuhuri. Mama alikuwa amemshika vidole vya mguu, kwa sababu mikononi hakupenda kushikwa. Uso wake ulikuwa ule ule.

* * *

Wiki ya sita mtafiti alibisha hodi, na kichupa cha mate mkononi. Hakuwa na habari. Alipoambiwa alikaa bila kukaribishwa, macho yakamjaa. Mama alimwacha alie. Hakuwa na nguvu ya kumchukia, na hilo lilimuudhi.

Baadaye kijana alijifuta, akafungua kishikwambi, maana hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. "Inabidi nimtoe kwenye orodha, mama. Wanataka sababu." Akasoma kwa sauti, bila kukusudia. "Amehama. Amejitoa. Hapatikani." Akapandisha na kushusha kidole. "Ni hizo tatu tu. Niweke amejitoa, kwa sasa. Nitawaeleza."

"Hakujitoa."

"Najua, mama. Ila hakuna kisanduku kingine."

"Kizime hicho," alisema mama.

Akaingia chumbani. Alirudi na ile karatasi ya kaki, imekunjwa mara nne, na kipande cha penseli alichokuwa akitumia zamani kuandikia vipimo vya wateja. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mtafiti, magoti kwa magoti, kama kijana huyo alivyokuwa akikaa mbele yake.

"Leo nauliza mimi. Wenye usonji wakizeeka, wanakuwaje?"

"Mama..."

"Jibu."

"Sijui. Hatujachunguza."

Mama aliandika, polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne. *Hajui.*

"Kwa nini akitoka kazini maneno yanamkauka?"

"Kuna wanaosema... Sijui, mama."

*Hajui.* "Wanaweza kuita watu bila kengele?"

"Nadhani wanaweza. Ni jambo dogo. Sijui kwa nini hawafanyi."

*Hajui.* "Mama akifa, anabaki na nani?"

Mtafiti alitikisa kichwa. "Unaweza kuandika bado haijulikani. Ndivyo tunavyoandika sisi."

"Hakuna bado hapa. Ni anajua au hajui." Akaandika. Penseli ilikuwa butu, akailamba ncha. Swali la mwisho lilikuwa nyuma ya karatasi, limepigiwa mstari kwa rula. "Mtu kama mimi akiumwa, anajulikanaje?"

Mtafiti aliutazama ule mstari wa rula. "Sijui," alisema.

Safari hii mama hakuandika. Aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ile ile, akaishika mapajani.

"Mimi ninajua," alisema. "Anapanga viatu. Akiumwa kidogo anapanga vyake, akiumwa sana anapanga vya nyumba nzima. Najua tangu ana miaka sita. Umeniuliza maswali mia mbili na kumi, nimeyahesabu, ukajua mpaka siku niliyopigwa. Hilo hukuniuliza."

Mtafiti aligeuka akatazama mlangoni. Palikuwa na jozi moja ya ndala, imetupwa ovyo.

"Asubuhi ile nilivikuta vimepangwa vyote," alisema mama. "Nilivisoma vizuri. Halafu nikaviruka, nikaja kukufungulia mlango wewe."